Inveta ndani ya Gari: Fyuzi Inalinda Nini?

DADA: Msikilizaji, karibu tena. Leo naanza kwa kuungama, maana gari lililoharibika ni langu. Ninauza juisi minadani nikitumia Noah, na mwaka jana nilinunua inveta ya wati 600, yaani kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, nikaichomeka kwenye tundu la kuwashia sigara, kisha nikaunganisha blenda ya wati 500. Embe la kwanza halijasagika, fyuzi ikaungua.

FUNDI: Fyuzi hiyo ilikuwa ya ampea ngapi, dada yangu?

DADA: 15. Fundi mmoja wa pale mnadani akaweka ya 30, akaniambia haitaungua tena, na kweli haikuungua. Kilichoungua ni waya. Nilisikia harufu ya plastiki, na tulipofungua dashibodi tulikuta ganda la waya limeyeyuka, limegandana na la jirani yake kama peremende iliyosahauliwa juani.

FUNDI: Pole sana. Fyuzi haikuwekwa pale kulinda inveta wala blenda, bali kulinda waya, na ndiyo maana kuweka kubwa bila kubadilisha waya ni sawa na kumfukuza mlinzi kwa sababu anapiga kelele. Betri yako ina volti 12, blenda inataka volti 230, na kwa kuwa nguvu inayohitajika haipungui, uchache wa volti hulipwa kwa wingi wa ampea: wati 500 ukizigawa kwa 12 unapata takriban ampea 42, na ukiongeza kinachopotea kama joto ndani ya inveta unakaribia 50. Tundu lenye fyuzi ya 15 lina wati 180 tu. Hilo ni la simu na kompyuta mpakato.

DADA: Sasa umenifungia inveta ya wati 1,000. Kwa nini hukuiacha ile ya 600?

FUNDI: Kwa sababu mota inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa kuliko inapokuwa imeshachanganya, na inveta ndogo hujizima hapo hapo. Nimeifunga chini ya kiti cha abiria, penye hewa na mbali na joto la injini, nikavuta waya wa milimita za mraba 25 moja kwa moja kutoka kwenye betri, na fyuzi ya ampea 125 nimeiweka sentimita chache tu kutoka kwenye ncha chanya ya betri, kwa kuwa kipande cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakina wa kukilinda. Pale waya unapopita kwenye bati linalotenga injini na sehemu ya abiria nimevalisha pete ya mpira ili makali yasiukate.

DADA: Wenye malori nao wafanye hivyo hivyo?

FUNDI: Malori mengi yana volti 24, yaani betri mbili za 12 zilizounganishwa kwa mfululizo, kwa hiyo wanunue inveta ya 24. Wapo wanaochukua umeme kwenye betri moja tu ili watumie inveta ya 12. Betri hiyo hudhoofika, mwenzake hujazwa kupita kiasi, na zote mbili hufa mapema.

DADA: Na mimi nikizima injini, nitasaga mpaka lini?

FUNDI: Betri yako ni ya ampea-saa 60, yaani inaweza kutoa ampea moja kwa saa 60, na betri ya kuwashia gari haipendi kushushwa chini ya nusu. Kila dakika ya kusaga hula karibu ampea-saa moja, kwa hiyo baada ya dakika ishirini hivi za kusaga, washa injini, lakini uwe mahali pa wazi kwa sababu ya moshi. Usingoje inveta ilie yenyewe: nyingi hukata umeme karibu na volti 10.5, na hapo starta haizunguki tena. Angalia mita ya volti: betri iliyotulia ikisoma 12.2, imefika nusu.

DADA: Jana ulipokuwa unagusisha waya wa mwisho, iliruka cheche, nami nikaruka nayo.

FUNDI: Niliona ulivyokimbilia kwenye ndoo ya maembe. Zile ni kapasita za inveta, yaani vipande vinavyohifadhi umeme, zinajaa kwa mara ya kwanza. Cheche moja ndogo ni ya kawaida. Ikiruka mfululizo, au waya ukipata moto ukiushika, chomoa fyuzi uniite.