Baba mzima kasimamishwa kona

Mambo vipi ndugu zangu, hapa Copenhagen leo baridi inauma mpaka kwenye meno, sitoki, nakaa ndani niwapigie stori ya muvi moja ya hawa watu wa Denmark. Inaitwa Du skal ære din hustru, yaani Mheshimu Mkeo, ya zamani mno, 1925, haina sauti, unasoma maandishi tu. Aliyeitengeneza ni Carl Theodor Dreyer, na ilibamba sana Ufaransa mpaka Wafaransa wakamwita akawafanyie ile ya Jeanne d'Arc, yule binti shujaa wao, iliyotoka 1928.

Sasa kuna huyu baba, Viktor, biashara imemfia, na hasira zote anakuja kuzimalizia kwa mke na watoto. Kila kitu kibaya, kahawa, nguo zilizoanikwa, yaani kila kitu! Mkewe Ida kaamka kabla ya wote, kuna mahali anakwangua siagi kwenye mkate wake mwenyewe aipake kwenye wa mumewe, aisee hapo nilinyamaza, na jamaa bado ananuna.

Na Dreyer hakutaka nyumba ya kuigiza igiza, alijengesha fleti nzima humo studio, gesi inawaka, maji yanatoka bombani, kwa hiyo Ida akizunguka jikoni na wewe unaanza kuchoka.

Halafu anaingia bibi Mads, yaya aliyemlea huyo huyo Viktor na fimbo zake anazijua! Wanamtoa Ida akapumzike, baba anabaki na kazi za nyumbani na bibi juu ya kichwa chake. Jamani, libaba zima linasimamishwa kona, mikono nyuma, kama alivyokuwa anamfanyia mwanaye. Nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Ila niseme ukweli, nilicheka nikiwa najijua. Mwaka jana kazini walinipunguzia shifti, hela ikawa ya mawazo, nikawa narudi hapa nagombana na kijiko. Huko nyumbani mnadhani sisi Ulaya tunaokota pesa, kumbe mtu ananuna sebuleni kwa sababu ya kodi. Muvi yenyewe mke wangu ndiye aliyeiweka, hakusema kitu, kaweka tu, kakaa pembeni anamenya machungwa.

Mwishoni Ida anarudi, anasamehe. Mimi nikasema safi. Mke wangu akasema angekaa huko mwezi mwingine.