Mchanga wa Shela Ndio Maji ya Lamu

Wazee wangu na ndugu zangu, jambo hili nimelisema mara nyingi hata baadhi yenu mngeweza kunimalizia, lakini madhali wangalipo watu wanaoviona vilima vya mchanga vya Shela, kijiji cha kisiwani Lamu, kuwa ardhi isiyo na kazi, sina budi kulirudia. Mvua inyeshapo juu ya vilima vile, vinavyoandamana na ufuo kwa takriban kilomita 12, maji hayakimbilii baharini. Hunywewa na mchanga, yakashuka taratibu, yakatua juu ya maji ya chumvi yaliyo chini, kwa kuwa maji matamu ni mepesi zaidi. Hayo ndiyo yavutwayo visimani Shela, nayo ndiyo watu wanayotilia udhu mjini Lamu. Ukiyavuta kupita kiasi, chumvi hupanda. Ukichimba shimo la choo juu yake, uchafu hushuka kwa njia ile ile ya mvua.

Ataniambia mtu kwamba mchanga ni tele, kilima kimoja kina nini? Bwana wangu, kilima hushikwa na majani yatambaayo. Yang'oe upate kuiona bahari kutoka barazani pako, na kusi itakuletea mchanga huo hadi kitandani.

Tena ufuo huo ni makaburi. Mnamo 1812 hivi, jeshi la kisiwa cha Pate na Wamazrui, watawala wa Mombasa, lilishuka Shela, likashindwa na watu wa Lamu. Walipokimbilia vyombo vyao walivikuta vimepwelewa, wakauawa papo hapo, na mifupa yao ikaendelea kuonekana mchangani kwa miaka mingi. Kwa kuchelea kisasi, Lamu iliomba ulinzi wa Seyyid Said, mtawala wa Oman. Kwa hiyo anayechota mchanga pale wa kujengea, ajue anachota nini.

Naona mwenyekiti anatazama saa. Habari za kasa wanaotaga ufuoni nitaziacha, ila Takwa siwezi kuiacha: mji ule wa kisiwani Manda ulihamwa katika karne ya 17, na wengi huamini kuwa visima vyake viliingia chumvi. Wenyeji wake walihamia Shela, na hadi leo wazao wao huvuka kwenda kuomba mvua kwenye kaburi la mnara lililoko huko.

Sasa nipokee maswali, na ningependa tuanze na yeyote mwenye nia ya kujenga vilimani: atueleze maji ya choo chake atayapeleka wapi.