Faili la programu yako liwe SQLite: kuingia WAL na kutoka salama

Karibuni. Leo tunaunda faili la programu ya ankara, na ndani yake ni SQLite tupu, yaani hifadhidata nzima inayokaa kwenye faili moja. Mtumiaji anaona mauzo.ankara, anabofya, linafunguka. Mimi naipenda njia hii kuliko kurundika XML ndani ya zipu, maana ukirekebisha bei moja huandiki upya faili zima.

Fungua terminali, `sqlite3 mauzo.ankara`. Hiyo mnaijua, twende.

Kwanza kitambulisho, namba ya kuonyesha faili ni la programu gani. Tunaiweka kwa PRAGMA, amri ya mipangilio ya SQLite: `PRAGMA application_id=1095650130;`. Toka, kisha tazama baiti za faili kwa xxd: `xxd -s 68 -l 4 mauzo.ankara`. Ngoja nikuze maandishi, hayasomeki... hapo. 414e 4b52, na pembeni ANKR. Fanya hivi kabla ya WAL (write-ahead log, hali ambayo maandishi mapya huingia kwanza kwenye faili la pembeni), la sivyo namba hiyo itatangulia kukaa kwenye faili la pembeni.

Rudi ndani: `PRAGMA journal_mode=WAL;`. Imejibu wal. Unda jedwali, ingiza mistari miwili mitatu, usifunge. Angalia folda: kuna mauzo.ankara-wal na mauzo.ankara-shm. Hapa tusikimbie. Uliyoandika sasa hivi yako kwenye -wal. Yanahamia faili kuu zikifika kurasa 1000 hivi, au muunganisho wa mwisho ukifungwa. Mtu akituma mauzo.ankara peke yake kwa WhatsApp huku programu iko wazi, ankara za leo hazitafika. Usifute -wal. Nasema tena, usiifute hata kama folda inaonekana chafu! Na kwenye folda ya mtandao usitumie WAL kabisa. Inahitaji kumbukumbu ya pamoja, ndiyo hiyo -shm, ndani ya mashine moja.

Kwa hiyo programu ikifunga waraka, irudishe faili kwenye hali ya kawaida, isiyo na -wal: `PRAGMA journal_mode=DELETE;`

Eh, mnaona? "database is locked". Kuna dirisha jingine huku nyuma, limelifungua faili hili hili. Halifanyi chochote, lakini limelishika. Nalifunga... narudia amri... delete. Safi.

Kwenye msimbo wa programu yako soma neno linalorudi. Lisomeni, jamani! Amri ikigoma, faili linabaki WAL, na hali hiyo imeandikwa ndani ya faili lenyewe, inasafiri nalo. Hakikisha kwa `xxd -s 18 -l 2 mauzo.ankara`: 0202 ni WAL, 0101 tumetoka.

Ukiwa kwenye DELETE, umeme ukikatika katikati ya kuandika utakuta faili la -journal. Liache palepale, jina lake lilelile. Ndilo linalorudisha data ilivyokuwa utakapofungua tena.

Kitufe cha "Hifadhi kama" kisinakili faili lililo wazi. Kiite `VACUUM INTO 'nakala.ankara';`, inayoandika nakala kamili kwenye faili jipya, ipo kuanzia toleo 3.27 la SQLite. Faili la jina hilo likiwa tayari lina data, amri inakataa, kwa hiyo muulize mtumiaji kwanza kama la zamani lifutwe.