Pande Nne Hazitoshi

Nitaanza na lile lile, na waliokwisha kulisikia wanivumilie, maana kosa nalo ni lile lile. Mtu anapima pande nne za kiwanja, anatafuta wastani wa pande zinazotazamana, anazidisha, kisha anaandika jibu kuwa ndilo eneo la kiwanja, kwa wino. Kwa wino!

Chukueni fito nne za mita 25, mzipigilie msumari mmoja mmoja kwenye pembe, halafu msukume pembe moja. Fito hazijabadilika, umbo limelala. Lilipokuwa mraba kamili, eneo lilikuwa mita za mraba 625. Likilala mpaka ulalo mrefu, yaani mstari wa kutoka pembe moja hadi pembe inayoikabili, ufike mita 48, ule mfupi unabaki 14, na eneo ni nusu ya 48 mara 14: 336. Muulizeni wastani, atawajibu 625 bila haya. Tena hakosei huku na huku. Pembe zisipokuwa mraba, kila mara anaongeza. Ndiyo maana muuzaji halalamiki.

Dawa ni kupima ulalo mmoja. Unapata pembetatu mbili, na pembetatu ikishajulikana pande tatu haisukumiki. Tuseme pande kwa mfuatano ni mita 13, 14, 12 na 9, na ulalo unaotenga mbili za kwanza ni 15. Pembetatu ya 13, 14, 15: nusu ya mzingo ni 21, ukitoa kila upande unapata 8, 7 na 6. Zidisha 21 × 8 × 7 × 6, ni 7,056; kipeuo chake cha pili ni 84. Ile ya 15, 12, 9 inatoa 54. Jumla 138. Wastani ungesema 143.75.

"Lakini katikati kuna mti." Pima ulalo wa pili! "Lakini pembe zinaonekana mraba." Zinaonekana kwa nani? Weka alama mita 3 upande huu, 4 upande ule; kati ya alama pasipokuwa 5 kamili, hiyo si pembe mraba. Na tepu ivutwe: ikilegea inarefusha. Kwenye mteremko ishikeni mlalo, msifuate ardhi.

Upande uliopinda, haraka haraka: nyosha kamba karibu nao, pima upana kila mita 2, jumlisha nusu ya kipimo cha kwanza, nusu ya cha mwisho na vyote vya kati, zidisha kwa 2: hilo ndilo eneo kati ya kamba na upande. Penye kona kali, kaza nafasi.

Naona naoneshwa saa. Duara tuliache. Penye pembe iliyoingia ndani, chagueni ulalo unaoanzia kwenye pembe hiyo hiyo. Ule mwingine unapita nje ya kiwanja.