Sikio la Sufuria

ZUHURA: Karibuni tena wapendwa. Mimi Zuhura, na Fadhili yuko hapa na karatasi zake.

FADHILI: Tuliwaahidi mambo matatu leo: nyuzi za kaboni, uchapaji wa 3D wa metali, yaani kukijenga kitu tabaka kwa tabaka, na saruji isiyochafua sana hewa. Lakini dada, kwanza waambie kuhusu hiyo bandeji.

ZUHURA: Sufuria ya mama, ile kubwa ya shughuli. Jumamosi tulikuwa na arobaini, tunaepua nyama, shangazi kashika sikio lile, mimi hili. Sikio langu likang'oka. Mchuzi ukanirukia kuanzia kiganja mpaka hapa.

FADHILI: Pole sana. Ribiti, zile pini zinazoshikiza sikio, zilikatika?

ZUHURA: Hapana! Ribiti nzima zote. Kilichochanika ni ubavu wa sufuria pale kwenye matundu. Nimeumulika kwa tochi: ufa una rangi mbili. Sehemu kubwa nyeusi, imeshika masizi na mafuta. Kipande kidogo cheupe, kinang'aa.

FADHILI: Basi hicho cheupe ndicho cha Jumamosi. Cheusi ni cha zamani, ulikuwa unapika na ufa siku zote hizo. Huo ndio uchovu wa metali: inachanika polepole kwa mzigo unaojirudia. Chuma cha kawaida, ukikibebesha mzigo ulio chini ya kiwango fulani, kinavumilia karibu bila mwisho. Alumini, kama ya sufuria yako, haina kiwango cha namna hiyo. Kila ukiinyanyua, inahesabu. Na nguvu zinajikusanya zaidi ukingoni mwa tundu.

ZUHURA: Kwa hiyo ribiti haina kosa, kosa ni la tundu.

FADHILI: Tundu limewahi kuua watu. Comet, ndege ya Uingereza, jeti ya kwanza kubeba abiria. Mwaka 1954 mbili zilipasuka angani, moja Januari, nyingine Aprili. Wachunguzi wakaizamisha Comet nyingine nzima kwenye tangi la maji kule Farnborough, wakawa wanaijaza presha na kuitoa, tena na tena, kama inavyopanda na kushuka, mpaka mwili ukachanika. Nyufa zilianzia kwenye kona za nafasi zilizokatwa mwilini, pembeni mwa matundu ya ribiti na bolti. Na hapo naingia karatasi ya kwanza, nyuzi za kaboni, kwa sababu…

ZUHURA: Ngoja, sijamaliza. Juzi nimeipeleka mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kwa fundi anayesubu, yaani anamimina metali iliyoyeyuka kwenye umbo la mchanga. Fadhili, nilikaa pale saa mbili. Ana fremu ya mbao imejaa mchanga mweusi, anaukanyaga kwa miguu mitupu mpaka ushikane kama unga wa ugali. Anautia kwenye kiganja, anafumba, anafumbua: ukibaki na alama za vidole, unafaa. Ukilowa zaidi anauanika. Nikamuuliza kwa nini, akasema maji yakibaki, chombo kinatoka na vitobo.

FADHILI: Yuko sawa kabisa! Alumini iliyoyeyuka inanyonya gesi ya haidrojeni kutoka kwenye unyevu. Ikianza kuganda inaitapika, na vile vitobo ndivyo vinabaki ndani. Kiwanda kikubwa kinapambana na kitu hichohicho. Na inayeyukia nyuzijoto 660 za Selsiasi tu, ndiyo maana mkaa na feni vinamtosha.

ZUHURA: Halafu akaniuliza swali ambalo sijalijibu mpaka leo. Anaiyeyusha ya mama, anaongeza pistoni chakavu, ananisubia mpya. Je, masikio anipigie ribiti, au ayasubu pamoja na sufuria, kitu kimoja?

FADHILI: Kitu kimoja! Huoni ndiko dunia inakoelekea? Ndege ya Boeing 787, vipande vya mwili wake vinaundwa kama mapipa mazima ya nyuzi za kaboni. Boeing wenyewe wanasema pipa moja limeondoa mabati 1,500 na vifungio 40,000 hadi 50,000. Tesla wanasubu sehemu ya nyuma ya gari lao la Model Y kwa mashine kubwa ya Italia, na karibu vipande 70 vimekuwa kimoja. Tundu lisipokuwepo, ufa utaanzia wapi?

ZUHURA: Kwenye kitobo cha ndani, si umekisema mwenyewe sasa hivi? Na ukianza, nani atauzuia? Sufuria ya mama ilichanika pale kwenye sikio, basi. Vipande viwili vilivyoshikizwa, ufa ukifika mpakani unasimama.

FADHILI: Si kila mara. Comet ilikuwa na ribiti tele, mbona haukusimama?

ZUHURA: Na hilo gari likigongwa nyuma? Fundi wetu wa bodi anakata kipande kilichoharibika, anachomea kingine. Hiyo alumini moja ataishika wapi?

FADHILI: Kuna namna za kukata na kuunga ambazo kiwanda kinazitoa.

ZUHURA: Kwa fundi yupi, kwa vifaa gani? Kaka, kitu kisichofunguka kinamnyang'anya fundi kazi, na mwenye kitu kinamwacha na chakavu.

FADHILI: Na kitu chenye viungo 70 ni kizito, kinakula mafuta au betri zaidi kila siku ya maisha yake. Hilo nalo mtu analilipia. Hapo sitakufuata.

ZUHURA: Usinifuate. Na mimi sitoki hapa.

FADHILI: Sawa. Karatasi ya pili, uchapaji wa metali. Pua inayopulizia mafuta kwenye injini ya ndege iitwayo LEAP, vipande 20 vilivyogeuka kimoja…

ZUHURA: Kimoja tena!

FADHILI: …na uzito umepungua asilimia 25. Lakini naona tunaonyeshwa saa pale kiooni.

ZUHURA: Dakika mbili. Saruji ndiyo hatuigusi kabisa leo, tusameheni.

FADHILI: Basi wiki ijayo tuanze nayo. Fundi anataka jibu lini?

ZUHURA: Kesho asubuhi, kabla hajawasha mkaa. Wasikilizaji, mwenye sufuria ya kusubu yenye masikio ya kitu kimoja, imulike na tochi pale sikio linapoungana na ubavu, halafu niambie unaona nini.

FADHILI: Na mwenye ya ribiti aangalie matundu. Leo, kabla hujapika.