Yai la Chumvi la Alburquerque

Mabibi na mabwana, karibuni. Jioni hii tunazungumzia chumvi ya mji mdogo wa pwani uitwao Alburquerque, katika kisiwa cha Bohol, Ufilipino. Wenyeji huiita asin tibuok: asin ni chumvi, tibuok ni kitu kizima kisichomeguliwa. Mitandaoni imebandikwa jina la yai la dinosau, kwa kuwa huuzwa ikiwa donge la mviringo lililokaa ndani ya chungu kilichopasuka. Picha zake zinavutia, ila zinapotosha kidogo, maana chungu ni hatua ya mwisho tu. Kazi yenyewe iko kwenye makumbi ya nazi, na huanza miezi kabla chungu hakijainjikwa.

Mliotoka Unguja na Pemba mnajua makumbi yanavyofukiwa ufukweni, yakaoza, yakapigwa mpaka yakatoa usumba wa kusokota kamba. Bohol nako huyaloweka, kwenye mashimo yanayoingiwa na maji bahari inapojaa, kwa miezi mitatu au zaidi. Lakini huko hawana haja na nyuzi. Wanataka kile ambacho nyuzi zimekinywa.

Yakishaopolewa, makumbi hukatwakatwa, huanikwa siku kadhaa, kisha hurundikwa na kutiwa moto. Hapo ndipo pagumu. Moto hautakiwi kuwaka, unatakiwa kufukuta. Lundo huungua siku nyingi, karibu wiki nzima, na lazima awepo mtu wa kulilinda usiku na mchana: ulimi wa moto ukichomoza, anaunyunyizia maji ya bahari, ambayo nayo huacha chumvi yake humohumo. Moto ukishika kasi, majivu hupeperuka na chumvi yake. Mvua ikilikuta lundo wazi, chumvi huyeyuka ikazama mchangani, na miezi yote ya kuloweka imekwenda bure. Majivu yaliyosalimika ndiyo gasang.

Gasang hushindiliwa kwenye chujio kubwa la mianzi, pana juu na jembamba chini, kisha maji ya bahari humiminwa juu yake. Yanapopenya huichukua chumvi ya majivu, na kinachodondoka chini, tasik, ni kikali kuliko bahari yenyewe. Kwa nini wasichemshe maji ya bahari moja kwa moja? Pigeni hesabu. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, kwa hiyo kilo moja inadai ukaushe lita 28 au 29. Kuni hizo atazikata nani? (Waluhya wa magharibi mwa Kenya nao huchuja maji kwenye majivu ya mimea, lakini munyu wao uko karibu zaidi na magadi.)

Sasa ndiyo zamu ya vyungu. Hupangwa kwa safu juu ya tanuri, vikatiwa tasik, na kila maji yanapopungua huongezwa mengine. Chumvi hujikusanya tabaka juu ya tabaka mpaka chungu kijae donge gumu, na udongo wa chini, uliochoshwa na moto, hupasuka. Ukipasuka mapema, chumvi haijashikana, tasik humwagikia motoni. Chungu kimoja hutoa donge moja, hakirudi jikoni tena.

Mwaka 1995 Ufilipino ilipitisha Sheria ya Jamhuri namba 8172, iliyotaka chumvi ya chakula itiwe madini joto. Kifupisho chake, cha ajabu, ni ASIN. Nia ilikuwa njema, maana upungufu wa madini hayo huleta rovu na hudhuru ubongo wa mtoto tangu tumboni. Ila madini joto huchanganywa na chumvi ya chembechembe. Donge lililogandia chunguni utalichanganyaje? Kwa mtazamo wetu, sharti hilo halikustahili kitu kinachokunwa kidogo tu juu ya sahani. Sheria ikakutana na kazi ngumu yenye malipo madogo, na familia nyingi zikaiacha.

Anayebahatika kupata donge asilivue udongo wake. Ndio mpini. Shika hapo, ukune upande wa juu kama unavyokuna nazi, juu ya wali wa moto wenye mafuta kidogo, na harufu ya moshi itapanda. Ukimaliza, lifunge vizuri uliweke pakavu, kwa sababu huvuta unyevu likaanza kutoa machozi.