Miaka 80 ya UNICEF: Mtoto Hana Upande
Mhadhara uliotolewa Chake Chake, Pemba, katika matayarisho ya maadhimisho ya Disemba 11, 2026

Assalaam alaykum. Waheshimiwa viongozi wa mkoa, masheha, walimu wa skuli na wa vyuo vya Kurani, wauguzi wenzangu, wazazi, na nyinyi vijana wa Mabaraza ya Watoto ambao leo mmekaa safu ya mbele kama inavyostahiki.

Nimeombwa nizungumzie miaka 80 ya Mfuko wa Umoja wa Mataifa wa Kuhudumia Watoto, UNICEF. Sitaipitia historia yake mwaka baada ya mwaka. Nitashika jambo moja ambalo naamini ndilo lililoudumisha Mfuko huu: tangu siku ya kwanza ulikataa kuuliza mtoto ni wa nani kabla ya kumhudumia, na kazi yake iliyookoa roho nyingi zaidi ilifanywa kwa vitu vyepesi ambavyo mama na muuguzi wa kijijini wanaweza kuvitumia kwa mikono yao wenyewe.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia vilipomalizika mwaka 1945, Ulaya ilikuwa imejaa mayatima na watoto wenye njaa. UNRRA, shirika la misaada lililoanzishwa na nchi zilizoshinda, lilikuwa mbioni kufungwa. Daktari mmoja kutoka Poland, Ludwik Rajchman, akashauri kwamba fedha zitakazobaki zielekezwe kwa watoto, na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likauanzisha Mfuko huo tarehe 11 Disemba 1946. Aliyetakiwa kuuongoza, Maurice Pate wa Marekani, hakukubali mpaka alipohakikishiwa kwamba watoto wa nchi zilizoshindwa watahudumiwa sawasawa na wa nchi zilizoshinda. Tulipime sharti hilo kwa hali ya wakati ule, ambapo makaburi yalikuwa bado mabichi na kila familia ina wa kumlilia. Kumpa maziwa mtoto wa Kijerumani au wa Kijapani, ambaye pengine baba yake ndiye aliyekuuwa ndugu yako, kulihitaji watu wenye imani ya kweli, na watu hao walipatikana.

Miongoni mwa waliopata msaada wa mwanzo alikuwamo msichana wa miaka 7 wa kijiji kimoja cha Chekoslovakia. Alitaka kuushukuru Mfuko kwa kuchora, na kwa kuwa karatasi ilikuwa adimu, alichora watoto wakicheza kwa furaha juu ya kipande cha kioo. Mwaka 1949 picha hiyo ikawa kadi ya kwanza ya salamu ya UNICEF, na mauzo ya kadi yakaendelea kwa miongo mingi kuuingizia Mfuko fedha. Nawaeleza haya watoto mliopo hapa kwa sababu aliyefungua mlango huo alikuwa na umri sawa na wadogo zenu.

Mwaka 1953 Mfuko ulifanywa wa kudumu, na kazi yake ikavuka Ulaya kuja Asia, Amerika ya Kusini na Afrika. Wazee wetu wanaikumbuka buba, maradhi ya vidonda yaliyowatesa watoto wa nchi za joto, visiwa vyetu vikiwemo. Katika miaka ya 1950 UNICEF na Shirika la Afya Duniani walipambana nayo katika nchi nyingi kwa sindano ya penisilini, ambayo dozi yake moja iliweza kumponya mgonjwa. Mwaka 1965 Mfuko ukatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Lakini kwa maoni yangu, kilele cha kazi hiyo kilikuwa baadaye, na kilikuwa ndani ya pakiti ndogo. Mwaka 1971, wakimbizi wa vita vya Bangladesh walipokumbwa na kipindupindu, daktari Dilip Mahalanabis aliona dripu zinamwishia ilhali wagonjwa wamelala mpaka sakafuni. Akaamua kuwanywesha maji yaliyochanganywa chumvi na sukari, na vifo vikashuka kutoka karibu asilimia 30 hadi chini ya asilimia 4. Siri yake ni kwamba sukari huusaidia utumbo kunyonya chumvi, na chumvi inapopita hupita pamoja na maji. James Grant, aliyeiongoza UNICEF kuanzia mwaka 1980 hadi 1995, alitembea na pakiti ya mchanganyiko huo wa chumvi na sukari mfukoni na kuitoa mbele ya marais na mawaziri, akiwauliza kama nchi zao zinaitumia.

Sisi tuliofanya kazi katika vituo vya afya tunajua pakiti hiyo ina maana gani. Mtoto analetwa mchana, macho yameingia ndani, utosi umebonyea, analia bila ya machozi. Muuguzi anaifinya ngozi ya tumbo na ngozi inachelewa kurudi. Mama anapewa kikombe na kijiko, anaambiwa asiharakishe. Mtoto akitapika asubiri dakika kumi kisha aanze tena, taratibu zaidi. Baada ya saa kadhaa mtoto anakojoa, na hapo kila mtu chumbani anajua kwamba hatari imepungua. Palipokosekana pakiti, akina mama walifundishwa kupima wenyewe: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote viwe sawa na ukingo wa kijiko. Siku hizi mtoto huongezewa na vidonge vya zinki. Hakuna mashine katika tiba hiyo, na daktari bingwa hahitajiki.

Chanjo ni habari ya namna hiyo hiyo, isipokuwa ina sharti la baridi: nyingi zinatakiwa zikae kati ya nyuzi joto 2 na 8, kutoka ghalani mpaka mkononi mwa mchanjaji. Nchini El Salvador mwaka 1985, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, pande zote mbili zilikubali kusitisha mapigano kwa siku tatu tofauti ili watoto wachanjwe. Kwetu sisi, alhamdulillahi, kizuizi si risasi. Ni bahari, ni kusi, ni mafuta ya boti, na mzazi aliyeko ng'ambo ambaye taarifa haikumfikia.

Kuhusu haki nitasema kwa ufupi, ingawa jambo lenyewe si dogo. Mkataba wa Haki za Mtoto ulipitishwa tarehe 20 Novemba 1989, Tanzania ikauridhia mwaka 1991, na Zanzibar ikatunga Sheria ya Mtoto Namba 6 ya mwaka 2011, ambayo watoto wenyewe waliulizwa maoni kabla haijapitishwa. Mwaka 2015 sheria hiyo ilipata tuzo ya dhahabu ya taasisi ya World Future Council. Tuna haki ya kujivunia. Hata hivyo kesi za udhalilishaji wa watoto bado zinafia njiani kwa sababu ya muhali, yaani kuoneana haya: mshitakiwa ni jamaa, wazee wanakaa wanasuluhisha, na shahidi haendi mahakamani. Tukifanya hivyo tunaanza kuuliza mtoto ni wa nani na aliyemdhuru ni wa nani, swali ambalo Pate alilikataa mwaka 1946.

Liko na suala la fedha. UNICEF haina fungu katika michango ya lazima ya nchi wanachama. Inaendeshwa kwa hiari ya serikali, mashirika na watu binafsi, na hiari hiyo hupungua pale siasa za wakubwa zinapobadilika. Ndiyo maana nasema kwamba zinki, pakiti za chumvichumvi na mafuta ya boti za chanjo viwe na kifungu katika bajeti yetu wenyewe, kwanza na si baada ya kusubiri mgeni.

Naiomba basi kamati ya maadhimisho isiimalize siku ya Disemba 11 ukumbini. Twende visiwa vya Kojani, Fundo, Makoongwe na Kisiwa Panza, tukakague kadi za kliniki nyumba kwa nyumba, na mtoto aliyekosa achanjwe siku ile ile. Wauguzi wawape masheha mapema majina ya waliokosa, na masheha wawaarifu wazazi wiki moja kabla, hasa akina baba wanaolala dago, yaani kambi za uvuvi.